Pemba kwa pikipiki bila kurudi umechoka: jibu kwa dada wa Morogoro

Swali: "Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu hapa Morogoro. Shule zikiwa zimefungwa, mwisho wa Juni mimi na mume wangu tumepata siku 7 za kupumzika. Yeye anataka twende Pemba, tukodi pikipiki, tuzunguke kisiwa chote. Anaendesha kila siku kwenda kazini, kwa hiyo uzoefu anao. Mimi hukaa nyuma tu, na mgongo wangu huniuma nikikaa muda mrefu. Ninachotaka ni kupumzika kwelikweli. Je, pikipiki na mapumziko vinakwenda pamoja? Njia za huko zikoje, na tupange vipi hizo siku?"

Nzuri dada yangu, na salamu nyingi kwa shemeji. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana limegusa jambo ambalo nimekuwa nikiwaambia wageni kwa miaka mingi ninayowatembeza hapa Pemba kwa pikipiki. Vinakwenda pamoja, tena vizuri sana, ila shemeji akubali kuacha neno moja katika mpango wake. Neno hilo ni "chote". Msizunguke kisiwa chote.

Najua ramani inavyodanganya. Pemba ina urefu wa kama kilomita 67 na upana wa kama kilomita 22, na mtu aliyezoea barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ataona hapo ni safari ya asubuhi moja. Lakini Pemba si tambarare kama Unguja. Hapa ni kilima na bonde, kilima na bonde, tangu Mkoani kusini mpaka Konde kaskazini. Unapanda kwenye mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, unakata kona, unapanda tena. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na ukiwa juu ya pikipiki utajua kwa nini, maana hakuna upande wa kutazama usio na majani. Barabara ya namna hiyo ni tamu kwa saa moja na nusu. Ikifika saa ya nne, anayeendesha bado anafurahia kona zake, lakini aliyekaa nyuma anahesabu mashimo. Wageni ninaowaona wakipanda boti ya kurudi wamechakaa ni wale waliotaka kukimaliza kisiwa.

Kwa hiyo kanuni yangu kwenu ni hii: isizidi saa 2 kwa siku juu ya kiti, na sehemu kubwa iishe kabla ya saa 5 asubuhi. Baada ya hapo pikipiki ilale kivulini, na nyinyi mlale kivulini. Siku mbili katika hizo 7, ya kwanza na ya mwisho, msiwe nayo kabisa.

Mwisho wa Juni mmechagua vizuri. Masika yamekwisha, ni kipupwe, jua halichomi kama la Januari, na asubuhi kuna baridi kidogo mkiwa kwenye mwendo, kwa hiyo kila mmoja awe na koti jepesi. Upepo ni wa kusi. Manyunyu ya ghafla hayakosekani, lakini si mvua ya kumfungia mtu ndani.

Sasa pikipiki yenyewe. Hapa hamtakuta maduka yamepanga pikipiki za kukodi mstari mzima. Mara nyingi mwenye nyumba ya wageni atampigia mtu, na huyo mtu ataileta pikipiki yake mlangoni. Hilo halina ubaya wowote, ila ndiyo sababu ukaguzi unabaki mikononi mwenu. Chukueni ya gia, ya injini ya 125 au 150, msichukue skuta isiyo na gia za kubadilisha. Mtakuwa wawili na begi, na kwenye miteremko yetu shemeji atahitaji kushusha gia ili injini iishike pikipiki, asitegemee breki peke yake. Skuta ikiteremka na mzigo, breki zake hupata moto, na breki yenye moto haishiki.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu limenifika. Miaka yangu ya mwanzo, kabla sijawa na pikipiki zangu mwenyewe, nilichukua ya mtu mmoja nikiwa na haraka ya kumuwahi mgeni. Sikuijaribu. Breki ya nyuma ilikuwa imekwisha, na ya mbele ilikuwa inashika nusu. Nilikuwa nateremka kuelekea bonde moja la mpunga, msimu wa karafuu, na pembeni mwa lami upande wangu kulikuwa na mikeka mitatu mirefu imeanikwa. Mbele yangu daladala likasimama kushusha abiria. Nikakanyaga, haikushika. Upande wa kulia kuna gari linakuja, kushoto kuna mikeka, na baada ya mikeka kuna mtaro. Nilipita juu ya mikeka yote mitatu nikaishia mtaroni. Nilichunika kiwiko na goti. Kilichoniuma zaidi ni bibi aliyetoka uani na ufagio wake wa chelewa, akaanza kuzikusanya karafuu moja moja kutoka kwenye lami bila kunisemesha. Alikuwa ameshazichuma, ameshazichambua kutoka kwenye makonyo yake, na hiyo ilikuwa siku ya tatu ya jua. Karafuu ikikanyagwa kile kichwa chake cha mviringo hukatika, na isiyo na kichwa hushuka daraja. Nilikaa naye mpaka alasiri tunatenganisha nzima na zilizovunjika, na nilimlipa, lakini tangu siku ile sijapanda pikipiki ya mtu bila kuijaribu breki kwanza.

Basi shemeji afanye hivi, mbele ya mwenyewe. Aisukume pikipiki ikiwa imezimwa na abane breki ya mbele: tairi lisimame palepale. Asukume tena akanyage ya nyuma. Ashike usukani autikise mbele na nyuma, asisikie kitu kinagonga. Aangalie cheni: ikining'inia sana ikazwe, ikiwa kavu itiwe oili. Atazame tairi, hasa la nyuma, kama bado lina meno, na liongezwe upepo kidogo kwa sababu mtakuwa wawili. Awashe taa zote, pamoja na ile nyekundu ya nyuma inayowaka ukishika breki. Kisha wewe upande nyuma, na mkazunguke mtaa mmoja kabla ya kutoa pesa. Ukikalia na shokapu zikagonga chini kwenye tuta la kwanza, mwambie mwenyewe akuletee nyingine. Mgongo wako utakushukuru kuliko chochote nitakachoandika hapa.

Pigeni picha pikipiki pande zote siku mnayoichukua, pamoja na kila mchubuko. Muombe kadi yake na bima iliyo hai, na mwandikiane karatasi hata ya mkono: jina, siku ngapi, bei gani, nani analipa ikiharibika. Leseni ya shemeji iwe na daraja la pikipiki. Zanzibar ina utaratibu wake wa mambo ya barabarani, kwa hiyo mkifika Chake Chake muulizeni askari wa usalama barabarani kama leseni yake inatosha au anahitaji kibali, kabla ya kuanza kutembea. Ni dakika kumi tu, na zitawaondolea wasiwasi kila mkisimamishwa njiani. Kofia ngumu njooni nazo mbili kutoka nyumbani. Mtakazopewa hapa aghalabu ni kubwa au mkanda umekatika, na kofia isiyofungwa kidevuni ni sawa na kutokuwa nayo.

Sasa wewe uliye nyuma, dada, maana watu humshauri dereva wakamsahau abiria. Kaa kwa kupanua miguu, usikae upande. Ukikaa upande uzito wote unaegemea nyonga moja na mgongo unajipinda safari nzima. Vaa suruali ndani na dera au gauni juu, uliinue kidogo na kulikalia ncha zake. Na mtandio uuchomeke ndani ya koti kabla injini haijawaka. Ncha ya kanga au mtandio ikishuka ikanaswa na cheni au spoki za tairi la nyuma, humvuta mtu chini kwa nguvu ya injini, na huwa haikupi nafasi ya kupiga kelele. Nimemwona mama mmoja akivutwa hivyo barabarani. Mungu alimnusuru kwa sababu dereva alikuwa ndiyo kwanza anaondoka. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, pitisha mkono nyuma yako uhakikishe hakuna kinachoning'inia.

Kwenye kiti tandika kanga mbili ulizokunja mara nne nne, au kipande cha sponji. Begi lisiwe mgongoni kwako. Lifungwe kwenye keria kwa mpira, nawe uliegemee kidogo. Kila nusu saa simameni, ushuke, utembee hatua hamsini. Mkikaribia tuta shemeji akugonge goti, nawe ujiinue kidogo kwa miguu ili tuta lipite chini yako.

Mpango wa siku zenu ningeupanga kwa vituo viwili: usiku 4 Chake Chake, ambako ni katikati ya kisiwa, na usiku 2 kaskazini. Kutoka Chake mnafika karibu kila pahala kwa safari fupi, na hamfungi na kufungua mabegi kila siku. Siku ya kwanza msikodi kitu. Mkishuka boti Mkoani mtakuwa mmechoka na bahari, kwa hiyo pandeni daladala au gari mpaka Chake, mle, mlale. Mkija kwa ndege mtatua uwanja wa Karume, na hapo Chake ni karibu kabisa.

Siku ya pili asubuhi chukueni pikipiki na mwende Pujini, kusini mashariki mwa Chake, kama kilomita 10. Ni safari nzuri ya kuijua pikipiki, njia haina magari mengi. Huko kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo watu wanaiita ya Mkama Ndume. Jina lenyewe linatosha: aliyekuwa akiwakamua wanaume. Wazee wanasimulia kwamba aliwalazimisha watu wabebe mawe ya kujengea huku wakisota kwa makalio. Wanasimulia pia kuhusu kisima chake chenye ukuta katikati, alichokigawa ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana. Leo pamebaki kuta zilizoanguka na miti iliyoota juu yake, na hakuna umati wa watu. Kaeni pale kwenye kivuli, msikilize. Wengi hupita dakika tano wakaondoka kwa sababu "ni mawe tu". Mimi naona ni mahali pa kukaa na chupa ya chai.

Siku ya tatu pikipiki inawafikisha Wesha tu, bandari ndogo ya karibu na Chake, kisha mnaingia kwenye mashua kwenda Misali. Hii ni mojawapo ya siku zenu za kupumzika mgongo. Misali ni kisiwa kidogo chenye msitu, hakina wakazi wa kudumu, na kimekuwa eneo la hifadhi tangu 1998. Jina lake watu wanalihusisha na msala. Inasimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, alipoambiwa hakuna akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Ndiyo maana wavuvi wanakiheshimu, na nanyi mkiheshimu: msitupe kitu, msing'oe matumbawe, msile wala kunywa hovyo mbele ya watu wanaosali. Kiko upande wa magharibi, kwa hiyo wakati wa kusi maji yake huwa yametulia kuliko ya upande wa mashariki. Ondokeni mapema, upepo huongezeka mchana. Chukueni miwani ya kutazamia chini ya maji. Hata asiyejua kuogelea sana anaweza kusimama kwenye maji ya kifuani akaona samaki wanapita kwenye miguu yake.

Siku ya nne ndiyo safari ndefu kidogo, ya kuhama kwenda kaskazini, na hapa nataka mpite njia ya zamani ya Chake kwenda Wete. Msishawishiwe na wanaowaambia njia nyingine ina mwendo wa haraka. Njia ya zamani inapita kati ya miembe na mikarafuu. Katikati yake kuna Kidike, wanakoishi popo wa Pemba. Naomba msiruke kituo hiki. Popo hawa hawapatikani kokote duniani ila hapa. Wanakula matunda, na mabawa yao yakitandazwa yanafikia mita 1.6, sawa na urefu wa mtu. Zamani watu waliwawinda kwa nyama, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ilionekana wanakaribia kutoweka. Wanakijiji wa Kidike na vijiji vingine wakaamua kuwalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Mtawakuta mchana wananing'inia kwenye miti kama matunda makubwa ya rangi ya kutu, wanapigana pigana mabawa kujipepea na kugombana kwa sauti kali. Zimeni pikipiki mbali, mtembee kwa miguu. Ada mnayolipa pale inabaki kijijini, na nawaomba mlipe kwa moyo.

Wete mtafika kabla ya adhuhuri. Kuleni hapo, pumzikeni, na mnunue halua, maana halua ya Wete inasifiwa kisiwa kizima. Kulala mnaweza kulala Wete kwa bei nafuu, au kusogea mpaka Konde na Makangale kama mnataka kuwa karibu na bahari. Rasi ya Kigomasha ina hoteli za bei kubwa, mojawapo ina chumba kinachoelea baharini chenye kitanda chini ya maji tangu 2013, lakini bahari ile ile mnaipata kwa kulala kwenye nyumba ya kawaida na kwenda kwa pikipiki asubuhi.

Jazeni mafuta Wete, msisubiri. Pikipiki ya 125 kwa lita moja inakwenda zaidi ya kilomita 35 hata na watu wawili, kwa hiyo tangi lililojaa linawatosha kwa siku kadhaa. Ila ukipita Konde petroli mara nyingi ni ya chupa, na ya chupa hujui imekaa muda gani. Pesa pia toeni Chake au Wete. Huko mbele ni taslimu au simu.

Siku ya tano ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu. Amkeni alfajiri, mpite Konde, mwingie Msitu wa Ngezi. Barabara inapita katikati ya msitu wenyewe. Ghafla baridi inashuka, harufu inabadilika ikawa ya majani yaliyooza na maji, na mivule inasimama pande zote mbili. Ni kipande kilichobaki cha msitu uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla mikarafuu haijachukua nafasi. Pale getini mtalipa ada na mtapewa mtu wa kuwatembeza kwa miguu. Chukueni matembezi hayo. Atawaonyesha mpapindi, mnazi-pori wa hapa hapa Pemba, na mkibahatika mtamwona ninga wa Pemba, ndege wa kijani ambaye naye ni wa kisiwa hiki tu. Ndani ya msitu endesheni taratibu sana. Kivuli kinafanya njia ibaki na unyevu hata siku ya jua, na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Shemeji asishike breki ya mbele kwenye kona hapo. Apunguze mwendo kabla ya kona, aipite na gia ya pili bila kubana kitu.

Mkitoka upande wa pili mnakata kwenda Vumawimbi. Fukwe ndefu nyeupe, nyuma yake miti, mbele yake bahari, na siku nyingi hamna mtu ila wavuvi wawili watatu. Jina lake mtalielewa kabla ya kuiona bahari, maana mtazima injini chini ya miti na sauti itakuwa imeshawafikia. Pikipiki ibaki hapo chini ya miti. Msiingie nayo mchangani hata kama mtaona alama za tairi za wengine. Mchanga mkavu unazamisha tairi la nyuma, na maji ya chumvi yakirukia cheni mtairudisha ina kutu. Njooni na chakula na maji yenu, kwa sababu pale hakuna duka: mkate wa kumimina, ndizi, embe kama zipo, maji lita 3. Tandikeni mkeka, mlale mpaka alasiri. Hii ndiyo siku uliyoniuliza, dada. Sina la kuwapangia hapo. Bahari ikipwa, tembeeni. Ikijaa, ogeeni pembeni, msiende mbali, wimbi lake lina nguvu. Mkitaka, kabla ya kurudi sogeeni hadi ncha ya Kigomasha kwenye mnara wa taa wa zamani, mwone mkondo wa Pemba ulivyo na rangi ya wino upande wa magharibi. Kina chake huko kinashuka ghafla kwa mamia ya mita.

Jambo moja msilichezee: mwe mmefika mnakolala kabla ya magharibi. Mwisho wa Juni jua linazama kama saa 12 na dakika 20 jioni, na giza la kisiwani haliji polepole. Vijijini hakuna taa za barabarani, ng'ombe hulala kwenye lami kwa ajili ya joto lake, na baiskeli hazina taa. Mimi mwenyewe niliyezaliwa hapa siendeshi usiku na abiria. Alasiri nayo watoto hutoka madrasa kwa makundi, kwa hiyo kwenye vijiji mwendo uwe wa 30, na barabarani msipite 50.

Siku ya sita, mkirudi Chake, anzeni na Tumbe asubuhi. Ni soko kubwa la samaki, ngalawa zinaingia, mnada unapigwa pale pale ufukweni. Hapo karibu, Chwaka, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Dakika chache zinatosha kama mgongo hautaki. Jioni hiyo rudisheni pikipiki mkiwa Chake, ikiwa na mafuta kama mlivyoikuta, na piga picha tena mbele ya mwenyewe. Kisha nendeni mkale chakula cha usiku sokoni, pweza wa kuchoma, supu yake, maandazi ya iliki.

Kuhusu watu. Usalama hapa msiwe na wasiwasi nao, kitu kikisahaulika kwenye keria kwa kawaida utakikuta. Lakini Pemba ni mahali pa dini na haya. Salimieni kwanza kabla ya kuuliza njia. Hata kama mmepotea, zimeni injini, vueni kofia, semeni assalaam aleikum, mngoje kujibiwa, ndipo muulize. Mkiuliza njia mkiwa juu ya pikipiki inayounguruma mtaelekezwa kwa kidole. Mkishuka mtaelekezwa, mtapewa maji, na pengine mtoto atatumwa awatangulie kwa baiskeli. Ukiwa mjini na vijijini funika mabega na magoti, nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Ijumaa kama saa 7 mchana msipite na injini mbele ya misikiti. Na kama shemeji ni mtu wa bia, ajue ni nadra kuzipata nje ya hoteli chache za watalii.

Msimu wa kuchuma karafuu mwaka wa neema huanza karibu Julai, kwa hiyo huenda mkakuta mikeka ya kwanza barabarani. Sasa mnajua inamaanisha nini kwa mwenyewe. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo zao hili ndilo limesomesha watoto wa huku na kujenga nyumba mnazoziona. Piteni mbali na mkeka. Mtu akiwauzia karafuu za gunia kwa siri, kataeni. Ununuzi ni wa shirika la serikali, na kukamatwa nazo bandarini ni kesi. Mafuta ya karafuu yaliyotiwa chupani na kuandikwa nunueni bila shaka, mgongo wako ukichuliwa nayo usiku utalala vizuri.

Dawa: chukueni bandeji, dawa ya kidonda, na za maumivu ulizozizoea. Kuna hospitali Chake na Wete, na Mkoani iko ya Abdalla Mzee.

Siku ya saba ni boti, na kusi huwa inaitikisa. Kuleni kitu chepesi saa moja na nusu kabla, wali mkavu au mkate, si supu. Kaeni chini, katikati ya boti kuelekea nyuma, ambako mtikiso ni mdogo, na mtazame mstari wa upeo badala ya simu. Kipande cha tangawizi mbichi mdomoni kinasaidia. Muombe shemeji akae upande wa dirisha linalotazama nchi kavu, akupishe wewe ulalie begani.